Jiwe, Chusa na Sili: Kuuelewa Uchongaji wa Wainuit

Swali lilikuja na picha. Ndugu yetu mmoja anayeishi Toronto alituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo picha ya dubu wa jiwe, kijani kinachokaribia weusi, anang'aa utadhani amepakwa mafuta ya nazi. Dubu mwenyewe kasimama kwa mguu mmoja, mwingine uko hewani, kichwa kakitupa juu kama mtu aliyekolewa na ngoma. Chini ya picha aliandika bei aliyoiona dukani: dola elfu nne na ushei.

Kundi halikulala. Shangazi aliuliza kama ni sanamu ya kuabudiwa. Binamu akajibu kwamba hayo ni mambo ya "Waeskimo wa nyumba za barafu". Mwingine, ambaye hakuna asilolijua, akatangaza kuwa hii ni sanaa ya miaka elfu na elfu, haijabadilika hata chembe. Wa nne akamkatalia: ilibuniwa na Mzungu mmoja mwaka 1948 ili watalii wapate cha kununua. Halafu mjomba akauliza lake: "Watu wanaowinda ndipo wapate kula, muda wa kuchonga wanaupata wapi?"

Swali la mjomba ndilo bora kuliko yote, na ndilo litakalotuongoza. Kwa karne nyingi kuwinda na kuchonga vilikuwa kazi moja, ya mkono uleule. Ukilishika hilo, mengine yanafunguka yenyewe.

Kwanza majina. "Inuit" ni neno la lugha yao, Kiinuktitut, na maana yake ni "watu". Mtu mmoja ni Inuk. Kwa hiyo tunaposema "Wainuit" tunakuwa tumesema "wa-watu", lakini Kiswahili hakina ugomvi na hilo. "Eskimo" ni jina walilopewa na wengine. Nchini Kanada linahesabiwa kuwa la dharau, ingawa utalikuta kwenye vitabu vya zamani, na hata kwenye jina la ushirika mashuhuri wa wasanii wao ulioundwa mwaka 1959. Kanada wako takriban 70,000. Wengine wako Greenland na Alaska. Mengi nitakayosimulia yanatoka Nunavut, eneo la utawala lililoanza rasmi tarehe 1 Aprili 1999 na ambalo jina lake lina maana ya "nchi yetu". Kwa ukubwa Nunavut ni zaidi ya Tanzania mbili, lakini sensa ya 2021 ilihesabu humo watu wasiofika 37,000. Hakuna barabara inayoiunganisha na Kanada ya kusini. Unaingia kwa ndege, au kwa meli barafu ikiruhusu.

Na zile nyumba za barafu? Iglu kwao ni nyumba yoyote. Ile ya matofali ya theluji tuliyoiona kwenye vitabu vya shule ilikuwa makazi ya majira ya baridi na ya safarini. Leo watu wanakaa kwenye nyumba za mbao zenye umeme, na pikipiki ya theluji imeegeshwa mlangoni.

Neno la mwisho, na hili ndilo ninalolipenda. Kuchonga kwao ni sanannguaq. Mzizi sana- ni "kutengeneza", na kiambishi -nnguaq ni "mfano wa kitu", kitu cha kuigiza, kama sisi tunavyosema gari la kuchezea au mtoto wa bandia. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu kuona sana- na "sanaa" zimekaa karibu hivyo. Ni sadfa tu, letu tulilitoa kwenye Kiarabu. Lakini maana yake inatusaidia: anayechonga sili, yule mnyama wa bahari za baridi, anatengeneza mfano wa sili, na ili mfano ukubalike, watu wote wanaomjua sili lazima wamtambue. Na huko kila mtu anamjua sili.

Chusa kwanza, kinyago baadaye

Nchi yao iko kaskazini mno kiasi kwamba miti haioti. Gogo lililoletwa na mawimbi ufukweni lilikuwa mali. Kilichobaki ni mifupa, meno marefu ya walrasi, pembe za karibuu, ngozi na mawe. (Walrasi ni mnyama wa baharini, mnene, mwenye meno mawili yanayoning'inia kama ya ndovu. Karibuu ni kulungu mkubwa wa kaskazini, asihusishwe na "karibu" ya mwenye nyumba.) Kwa vitu hivyo ulitengeneza kila kitu cha maisha: mpini wa kisu, sindano na kibweta cha kuihifadhi, hata miwani ya theluji, yaani kipande cha mfupa chenye mwanya mwembamba wa kuchungulia ili mwanga unaorudishwa na theluji usikupofushe.

Chukua chusa, mkuki wenye kamba wa kuwindia baharini. Watu wetu wa pwani wanakijua chusa, ila hiki kina ufundi wake. Kichwa chake kilichongwa kichomoke kwenye mpini kikishaingia mwilini mwa mnyama, halafu kigeuke ubavu chini ya ngozi. Ni kama kijiti unachokipitisha kwenye tundu kikiwa wima: kikifika upande wa pili kinalala, na ukivuta kamba hakitoki. Umbo likikosewa kidogo tu, kichwa hakigeuki, sili anaondoka na kamba, na watoto wanalala njaa. Hapo ndipo mjomba anaanza kujibiwa. Mwindaji asiyejua kuchonga hakuwa mwindaji.

Sili naye anahema hewa kama sisi. Bahari ikiganda, hukwangua matundu kwenye barafu kwa kucha zake na kuyaweka wazi majira yote ya baridi, apate kupanda kuvuta pumzi. Tundu hilo huitwa aglu. Mwindaji husimama juu yake, kainama, chusa mkononi, macho kwenye unyoya au kijiti chembamba kitakachotikisika sili akifika. Saa zinapita. Baridi ni nyuzi 30 chini ya sifuri, pengine zaidi. Akikohoa, au akihamisha mguu barafu ikalia, basi. Mtu huyu aliyeinama juu ya tundu amechongwa mara nyingi sana kwenye jiwe la Wainuit, na asiyejua habari ya aglu humtazama akadhani ni mzee anayeumwa mgongo.

Sili akipatikana, nyama inagawanywa, ngozi inakuwa viatu na mashua, na mafuta yanakwenda kwenye qulliq, taa ya jiwe yenye umbo la nusu mwezi iliyotoa mwanga, joto na moto wa kupikia. Qulliq ilichongwa kwenye jiwe laini, na vyungu pia. Kwa hiyo mkono wa Wainuit ulilizoea jiwe zamani sana, kabla mtalii hajajua njia.

Vinyago navyo vilikuwepo. Watu wa utamaduni uitwao Dorset, ambao Wainuit huwaita Tuniit, waliishi huko tangu yapata miaka 500 kabla ya Kristo hadi baada ya mwaka 1000, na waliacha dubu wadogo wa meno ya walrasi, baadhi wamenyooka kama wanaoruka au kuogelea. Baada yao walikuja kutoka Alaska watu wa Thule, mababu wa Wainuit wa leo, na vitana vyao na sanamu ndogo za ndege. Vitu hivi karibu vyote vinaenea kiganjani. Watu walihama na mnyama, mizigo ikivutwa na mbwa. Nani angebeba dubu wa kilo ishirini? Vingine vina tundu la uzi, kwa sababu vilishonwa kwenye nguo kama hirizi. Na vingi havina kitako. Ukikiweka mezani kinaanguka, maana hakikutengenezewa meza. Kilishikwa, kikageuzwageuzwa, kikapitishwa kwa mwingine.

Mbweha walipokosa bei

Sasa tuje kwa yule Mzungu wa 1948. Alikuwepo. Anaitwa James Houston, msanii wa Kanada aliyekwenda Inukjuak, upande wa mashariki wa Ghuba ya Hudson, kuchora watu. Akawapa michoro, nao wakampa vinyago vidogo. Alirudi navyo Montreal, akakionyesha chama cha kazi za mikono cha huko, chama kikampa fedha arudi kununua zaidi. Novemba 1949 vikauzwa takriban vipande elfu moja, vikaisha ndani ya siku tatu.

Wasimulizi wengi huishia hapo, kana kwamba bahati ilishuka na ndege. Wanaruka jambo la msingi. Kwa miongo kadhaa Wainuit walikuwa wameingizwa kwenye biashara ya ngozi za mbweha mweupe: unatega, unapeleka ngozi kwenye kituo cha Hudson's Bay Company, unachukua bunduki, risasi, chai na unga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bei ya ngozi hizo iliporomoka. Mtu aliyekwisha kuacha chusa kwa ajili ya bunduki sasa hana fedha ya risasi. Katika miaka ya 1950, huko bara magharibi mwa Ghuba ya Hudson, karibuu walipokosekana, watu walikufa kwa njaa. Serikali ya Kanada, ambayo haikutaka kulipa posho za misaada milele, iliona kwenye vile vinyago njia ya kutokea, ikaweka fedha. Watu walipohamia vijijini, kwenye nyumba za kudumu na shule, dubu wa kilo ishirini akawa na pa kukaa, na mnunuzi wa Montreal akawa na rafu ya kumweka. Hapo ndipo jiwe lilipochukua nafasi ya jino, na kitako kikazaliwa.

Kwa hiyo yule wa "haijabadilika" amekosea, na yule wa "ilibuniwa na Mzungu" naye amekosea. Ukubwa, kitako na soko ni vya baada ya 1949. Kilisambazwa hata kijitabu mwaka 1951 chenye michoro ya vitu vinavyoweza kuuzika, na wapo walioinakili ilivyo. Ila Houston hakumfundisha mtu jinsi bega la karibuu linavyokaa. Sisi mjadala huu tunaujua kupitia vinyago vya Kimakonde: vile vya mpingo vyenye watu waliopandana vilipamba moto wachongaji walipokuwa karibu na wanunuzi wa Dar es Salaam, na mpaka leo wapo wanaouliza kama ni vya "asili". Swali lenyewe lina kasoro. Mchongaji akipata soko, mkono wake haukatwi na kupandikizwa mwingine.

Kuna alama moja ya kipindi kile inayonikera kila nikiifikiria. Geuza kinyago cha miaka ya 1950 au 1960 utazame chini: mara nyingi hukuti jina, unakuta herufi E na tarakimu. Serikali iliona majina ya Wainuit ni magumu kuyaandika, hivyo kuanzia miaka ya 1940 kila mmoja alipewa kisahani chenye namba, E kwa upande wa mashariki, W kwa magharibi. Wachongaji wakatia sahihi kwa namba hizo. Leo wakusanyaji hutumia namba hizo kumtambua mchongaji, na wajukuu nao huzitumia kutafuta kazi za babu zao.

Jicho la mwindaji

Lile jiwe lenyewe huitwa na wengi "jiwe la sabuni". Tunalo sisi pia: vibakuli na vinyago vya Kisii vinavyotoka Tabaka, Kenya, jiwe laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Lakini dubu wa kwenye picha hakuwa wa jiwe hilo. Kinngait, kijiji cha kisiwani kilichoitwa zamani Cape Dorset, hutumia zaidi sepentini, kijani, gumu, ukucha wako utakatika kabla halijakwaruzika. Linachimbwa kiangazi, kwa safari ndefu ya mashua hadi mwamba ulipo, likapakiwa na kurudishwa kabla bahari haijachafuka. Zamani lilichongwa kwa shoka na tupa. Siku hizi grenda ndiyo inayoongoza, kazi inafanyika nje kwa sababu ya vumbi, na mwisho ni msasa na maji, siku nzima, mpaka jiwe ling'ae.

Fundi stadi utamjua kwa viungo vya mnyama. Osuitok Ipeelee wa Kinngait alichonga karibuu wenye miguu myembamba mno, mwili mzima wa jiwe umesimama juu ya vijiti. Mtu aliyechuna na kukata karibuu tangu utotoni anajua goti linapindia wapi na uzito unakaa wapi. Kisu chake kimepita humo mara mia. Pauta Saila, wa kijiji hichohicho, ndiye aliyesifika kwa dubu wanaocheza. Dubu wa barafu kweli husimama kwa miguu ya nyuma ili anuse na kutazama mbali, na mwindaji aliyekutana naye hivyo hasahau. Kutoka hapo hadi kwenye ngoma ni hatua moja ya mawazo.

Si kila kinyago ni uwindaji, na si kila mchongaji ni mwanamume. Arviat, ambako jiwe ni gumu na la kijivu, Lucy Tasseor Tutsweetok alitoa nyuso ndogo za familia zinazochungulia kwenye kingo za jiwe aliloliacha karibu lilivyo. Lakini hata mbali na windo, uwindaji hurudi kwa mlango wa nyuma. Joe Talirunili wa Puvirnituq alichonga tena na tena mashua iliyojaa watu hadi pomoni. Ilikuwa kumbukumbu ya utotoni: familia kadhaa zilinaswa kwenye barafu iliyomeguka, zikaunda mashua kwa ngozi za sili na mbao za sleji, vyombo vya kuvutwa juu ya theluji, zikaokoka. Na Karoo Ashevak, aliyefariki mwaka 1974 akiwa kijana bado, alichonga mizimu yenye macho yasiyolingana kwa mfupa wa nyangumi. Mfupa mbichi hautafaa, una mafuta. Unatakiwa uliokauka miaka na miaka, kama ile ambayo watu wa Thule waliezekea nyumba zao. Nyangumi aliyewindwa karne nyingi zilizopita, akawa paa, kisha akawa mzimu kwenye jumba la sanaa.

Shangazi na swali lake la kuabudu: hapana. Hata zile za zamani zilikuwa hirizi na zana, na Wainuit wengi leo ni Wakristo. Ila utawaona kwenye jiwe mganga, angakkuq, akigeuka dubu, na mwanamke mwenye mkia wa samaki. Huyo usimwite nguva. Wanamwita Sedna, au Nuliajuk, au Taleelayo, kutegemea mahali. Inasimuliwa kwamba baba yake alimtupa baharini, na aliposhikilia ukingo wa mashua akamkata vidole. Vipande vikawa sili, walrasi na nyangumi. Tangu hapo wanyama wa bahari ni wake. Watu wakivunja miiko, uchafu unanasa kwenye nywele zake, naye hana vidole vya kujichana, basi kwa hasira anawazuia wanyama. Mganga alishuka rohoni mpaka chini ya bahari, akamchana, akamsuka, na windo likarudi. Ukiona kinyago cha mwanamke huyo mwenye nywele ndefu zilizosukwa, unatazama maelezo ya kwa nini mwaka fulani sili walikosekana.

Ya kununua na ya kuogopa

Kwenye maduka ya zawadi kuna dubu wa plastiki iliyochanganywa na unga wa jiwe, wote sawasawa kama mikate ya kiwandani. Tangu 1958 ipo lebo ndogo yenye picha ya iglu inayothibitisha kwamba kazi imefanywa na Mwinuit. Mwaka 2017 usimamizi wake uliondoka serikalini ukaenda kwa Inuit Art Foundation. Anayetaka kufunza jicho kabla ya kufungua pochi aende Winnipeg, kwenye jumba la Qaumajuq lililofunguliwa Machi 2021, aone vinyago maelfu vikiwa nyuma ya kioo kirefu.

Kwetu sisi neno "pembe" lina majeraha yake; tunakumbuka moshi wa meno ya ndovu yaliyochomwa Nairobi mwaka 1989. Jino la walrasi si la ndovu, na Wainuit wanaruhusiwa kumwinda na kula nyama yake. Hata hivyo usilipakie tu kwenye begi: Marekani imepiga marufuku kuingiza vitu vya aina hiyo kwa sheria ya mwaka 1972 ya kulinda mamalia wa baharini, na kwingine utatakiwa vibali. Jiwe halina shida hiyo.

Sheria za mbali ziliwahi kuwaumiza kwa njia nyingine. Mwaka 1983 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilizuia ngozi za watoto weupe wa sili. Wainuit hawakuwa wakiwinda watoto hao, wao huwinda sili wakubwa, kwa nyama. Haikusaidia: bei ya ngozi zote ilianguka. Marufuku pana zaidi ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 iliwawekea Wainuit msamaha, lakini msamaha hauleti wanunuzi.

Na hilo linamrudisha mjomba. Kuwinda leo kunataka petroli, risasi na pikipiki ya theluji, na nyama ya sili kwa desturi hugawiwa, haiuzwi. Fedha lazima itoke kwingine. Kwa familia nyingi inatoka kwenye jiwe: dubu anauzwa ushirika, tangi linajazwa, mtu anatoka kwenda barafuni, anarudi na sili, jirani wanapata fungu lao, na bwana huyo akishalala usingizi wake anarudi kwenye grenda kuchonga alichokiona.

Ndugu yetu wa Toronto hakumnunua yule dubu. Alikuja Desemba na sili mdogo wa kijani, lebo ya iglu imefungwa kwa uzi, tumboni jina limeandikwa kwa hati ya Kiinuktitut yenye vijipembetatu na vindoano. Hana kitako. Tumemweka juu ya meza ya sebuleni, anabiringika, kwa hiyo kila anayeingia humwokota akabaki naye mkononi. Shangazi alimshika mazungumzo yote.